Viatu Vyako Sivitumi Kwanza

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kutoka kwa Mama, na kutoka kwa wote tuliobaki katika nyumba hii. Sisi tunaendelea, ingawa neno hilo siku hizi tunalisema tukitazama chini. Mama anakula kidogo, analala kidogo, na kila asubuhi anafagia ua ambao umeshafagiliwa. Mimi sijambo.

Je, wewe hujambo? Subiri, usijibu. Najua umeshasema "sijambo" hapo ulipo, mdomo umejisemea wenyewe. Safari hii nauliza kwa sababu nataka kujua, na barua yote hii ni swali hilo hilo moja. Kwa hiyo keti, vua viatu, halafu uendelee kusoma.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hatuwezani. Ukipiga, mimi nalia, wewe unanyamaza, kisha mtu anakuita huko jikoni kwenu hotelini na unasema utapiga baadaye. Umeniuliza zaidi ya mara moja ilikuwaje Kaka Fundi akatutoka hivi hivi, mtu ambaye ulizungumza naye akicheka. Nimekuwa nikikupiga chenga. Leo nakueleza, na nakuomba usome hadi mwisho hata ukinikasirikia.

Kwanza, hakututoka hivi hivi. Hilo ndilo linaloniuma. Waliokuja kutupa pole walisema "ghafla, ghafla," nasi tukaitikia kwa sababu ya uchovu. Haikuwa ghafla. Kifo cha kaka yetu kilikuja polepole, mchana kweupe, na wote tulikiona kikija. Tulikiita majina mengine tu.

Kilianzia miguuni. Duka lake unalijua: mlango mmoja, meza imejaa nyundo na visigino, viatu vya watu vimepangwa mpaka karibu na dari, harufu ya gundi inakupokea ukiwa bado barabarani. Saluni yangu iko ukuta wa pili, na ukuta wenyewe haukufika juu, kwa hiyo tulikuwa tukizungumza kutwa bila kuonana. Siku moja nikamsikia akilalamika kwamba viatu vyake vyeusi vimeanza kumbana. Asubuhi vinaingia bila matata, ikifika jioni vinamwachia mchoro mguuni. Mtu mwingine angeishangaa miguu yake. Kaka aliishangaa ngozi. Alisema ilikuwa ngozi mbovu tangu alipoinunua, na kwamba aliyemuuzia atamtambua.

Basi akafanya kile ambacho fundi viatu hufanya. Alivilowesha, akavitia kwenye kalibu, ule mguu wa mti wa kupanulia, akavikaza na kuviacha mpaka kesho yake. Vikamtosha. Alikuja kunionyesha saluni, amefurahi mwenyewe. Baada ya muda vikambana tena, akavipanua tena. Safari iliyofuata ngozi ilichanika pembeni, akatia kiraka, na kiraka kizuri, hata ukiambiwa kipo hukioni. Sasa niambie, nani mwingine miguu ikimvimba ana ujuzi wa kuificha mpaka mwenyewe asiione?

Ukafuata mkanda. Alitoboa tundu jipya, kisha jingine. Wifi yangu, yaani shemeji yako, akamtania kwamba siku hizi biashara imekubali. Kumbe wakati huo alikuwa anakula robo ya sahani na kusukuma iliyobaki. Tumbo lilikuwa linajaa na uso unakonda, na sisi tulikuwa tunatazama tumbo.

Ikafuata ngazi. Ngozi zake alizihifadhi juu, kwenye kijidari, na alikuwa akipanda na kushuka bila hata kushika. Akaanza kusimama katikati. Anashika ngazi kwa mikono miwili, anatazama ukuta. Nikimuuliza anasema anapiga hesabu ya ngozi. Na kitandani, wifi anasema, alikuwa anaongeza mto, halafu mwingine, mpaka mito ya watoto ikahamia kwake. Mwishowe alihama kitanda kabisa, akawa analala ameketi kwenye kile kiti cha Baba.

Kiti cha Baba unakikumbuka. Sote tulikua tukijua kwamba Baba anapenda kulala kitini, tukasema ni mlinzi wa nyumba asiyelipwa. Alipofia humo humo tukasema alikufa raha mustarehe. Sasa na Kaka naye alipohamia kitini, tukacheka, tukasema amerithi tabia za mzee. Kwa nini Baba hakuweza kulala chali kitandani, hilo hakuna aliyeliuliza.

Usidhani Kaka hakwenda hospitali. Alikwenda. Na hapa ndipo hasira inaponipanda mpaka mwandiko unaharibika, utaniwia radhi.

Kanuni yake ya dukani unaijua, maana ilishawahi kukuliza. Viatu vinatengenezwa kwa zamu, kama vilivyoingia. Hakuna mkubwa, hakuna mdogo, hakuna ndugu. Ukimwambia una safari ya haraka, vyako vinarudishwa mwisho wa rafu ili ujifunze adabu. Mama mwenyewe, aliyemzaa, alikaa na ndala zilizokatika mpaka zamu yake ilipofika. Kama kuna watu aliowachukia duniani, ni wale wa "mimi yangu ni ya dakika moja tu."

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyefika kwenye dirisha la mapokezi. Karani akamwuliza wanavyoulizaga wote: ni dharura? Wifi alikuwa amesimama ubavuni kwake. Anasema Kaka aligeuka kwanza, akawatazama waliojaa kwenye mabenchi, mama mwenye mtoto anayetetemeka kwa homa, mzee aliyefungwa kichwa na bandeji imelowa damu. Kisha akamwambia karani, "Hapana. Mimi wa kawaida tu, watangulie hawa."

Karani akampa tarehe ya mwezi uliofuata. Simlaumu. Aliuliza swali moja, akajibiwa. Kaka akarudi zake dukani roho kwatu kwamba hakumrukia mtu foleni. Tarehe ile ilipofika tulikuwa tumeshamzika.

Asubuhi yenyewe nilikuwa namsuka mteja. Nyundo ya upande wa pili ilinyamaza, halafu nikasikia kikohozi, kikohozi chenye maji ndani yake, ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu. Nilimkuta ameketi ameinama mbele, mikono magotini, jasho baridi linamtiririka, neno analianza na hawezi kulimaliza. Mteja wangu alikuwa na gari. Alitupeleka kichwa chake kikiwa kimesukwa upande mmoja, wala hakujitazama, Mungu ambariki.

Wauguzi walimpokea mbio. Walimwekea oksijeni, walimchoma sindano, kuna wakati tukadhani amerudi. Alikaa mpaka kesho yake alasiri. Katika muda huo alisema machache sana, na nikwambie moja, kwa kuwa ni lako. Aliisogeza ile barakoa ya hewa kando akaniambia, "Vya Kitinda vimekwisha. Bado rangi tu." Nikamrudishia barakoa nikamkemea anyamaze. Hakusema tena la maana baada ya hapo.

Baadaye daktari alituita, mimi na wifi, kwenye chumba kidogo chenye meza na viti viwili, yeye akabaki amesimama. Ni mwanamke wa makamo, sauti yake ya chini. Alikuwa ameiona ile miguu. Akauliza, "Viatu vilianza kumbana lini?"

Wifi akamwambia. Daktari akasema, "Wiki ile ndiyo alipaswa kuja. Angekuja kwa miguu yake, akaonwa siku ile ile au kesho yake, angerudi nyumbani na vidonge."

Nikamwuliza kama angepona. Alisema hawezi kuapa, moyo ulikuwa umeshachoka kitambo, lakini wangepata nafasi ya kupambana, na mgonjwa tuliyempelekea hakuwa tena na nafasi. Akatueleza kwamba moyo ukishindwa kusukuma damu sawasawa, maji yanabaki mwilini, yanatuama miguuni, yanapanda tumboni, mwisho yanaingia mapafuni. Ndiyo maana mgonjwa akilala chali anazama, na akiketi anapata nafuu. Nilipomsikia anasema hivyo nilikiona kiti cha Baba mbele ya macho yangu.

Alisema jambo jingine ambalo nalitembeza kichwani mpaka leo. Kwamba watu wanajua ugonjwa wa kubebwa na wanajua ugonjwa wa kuvumiliwa, na huu ni wa katikati. Haukuangushi, hauumi sana, unatembea nao unakwenda kazini. Kwa hiyo mtu anausogeza mbele, wiki baada ya wiki, mpaka unageuka kuwa wa kubebwa, na hapo mara nyingi anabebwa amechelewa.

Na Kaka alilijua hilo la katikati kuliko mtu yeyote, ila kwa viatu. Katika ile kanuni yake ya zamu kulikuwa na kimoja tu alichokiruhusu kuruka foleni: kiatu kilichoanza kufumuka soli pembeni. Bado kinavalika, mwenyewe hata hajali. Kaka akikiona mguuni mwa mtu anayepita tu barabarani, alikuwa anamwita, anamvua, anampa ndala za kuazima aende nazo nyumbani. Alikuwa anasema kiatu hicho kikishonwa leo ni uzi kidogo, kikiendelea kutembea hakishoneki tena. Amewavua watu wangapi pale mlangoni, na yeye mwenyewe akasema ni wa kawaida tu. Nimemkasirikia marehemu, mdogo wangu. Najua si vizuri, lakini nimemkasirikia.

Sikuandikii ili tulaumiane. Wifi amejilaumu vya kutosha kwa niaba ya ukoo mzima. Nakuandikia kwa sababu yako wewe.

Siku ile ulipompigia Kaka, nilikuwa pale pale dukani nakunywa chai, na simu aliiweka sauti ya wazi kwa kuwa mikono ilikuwa na gundi. Ulimwomba viatu vyeusi vya kazi, namba moja juu ya ile ya siku zote, na vipana juu, maana ulivyo navyo vinakubana ikifika jioni. Ukasema ni ile sakafu ya jikoni, mpishi anasimama kutwa. Kaka akacheka, akakwambia ukoo wetu umeanza kukua kwenda chini. Nami nilicheka, chai karibu inipalie.

Baada ya mazishi ulinikumbusha nikutumie kwa yule rafiki yako anayesafiri. Nikavitoa dukani nikavipaka rangi mwenyewe, nikaja navyo nyumbani kuvifunga. Mama alikuwa ameketi kitandani. Akachukua kimoja, akaingiza mkono ndani, akautanua mkono wote na nafasi ikabaki. Akauliza vipana hivi ni vya nani. Nikamwambia ni vyako.

Mama hakulia. Alikaa na kile kiatu mapajani, kisha akasema, "Baba yenu naye mwisho viatu vilimkataa." Akachukua na cha pili, akavisukuma vyote chini ya kitanda chake, akageukia ukutani.

Nilibaki nimesimama na karatasi ya kufungia mkononi. Ndipo nikakumbuka na jingine. Juzi ulipopiga ulikuwa unapanda ngazi za hapo unapoishi, nikasikia unakata maneno katikati. Ulisema ni mtandao. Kitinda, mtandao hauhemi.

Sasa nisikilize. Umevua viatu? Vua na soksi. Bonyeza kidole gumba kwenye mfupa wa muundi, hapo mbele chini ya goti, ukandamize kidogo, halafu ukiondoe. Kikibaki kishimo, hayo ni maji, si sakafu ya jikoni. Kisha jiulize unalalia mito mingapi siku hizi, na zamani ulilalia mingapi. Jiulize kama unaamka umebanwa na pumzi au unakohoa ukilala chali. Tazama mkanda wako. Huko jikoni kwenu kuna mizani ya magunia, panda juu yake: uzito ukipanda kwa siku chache tu bila kula zaidi, hayo pia ni maji. Na kama moyo unadunda ovyo, unaruka au unakimbia ukiwa umekaa, hilo nalo usilifanyie utani.

Usingoje yatimie yote. Hata moja likiwa jipya, au linazidi, kesho asubuhi uende ukaonwe. Usingoje likizo, usingoje msimu wa wageni upite. Usinunue vidonge vya kukausha maji kwa kuelekezwa na mpishi mwenzako. Na ukifika dirishani wakikuuliza kama ni dharura, usiseme ndiyo na usiseme hapana. Sema hivi, nimekuandikia ukariri: "Si wa kubebwa, lakini si wa kungoja mwezi. Miguu imevimba, pumzi inakatika nikipanda ngazi, na kaka yangu amekufa kwa moyo. Naomba daktari anione leo." Wakikupa tarehe ya mbali, usiipokee ukaondoka kwa adabu. Mwombe muuguzi akutazame miguu. Utaona haya, najua, ndivyo tulivyolelewa. Ona haya hivyo hivyo, lakini usiondoke.

Ila kuna mengine ambayo hata asubuhi hayangoji. Kifua kikikubana au kuuma na kisikuachie, ukikosa pumzi ukiwa umeketi tu, ukizimia, ukitokwa na jasho baridi, ukikohoa povu lenye rangi ya damu, hapo usibadilishe nguo, usimalize chungu kilicho motoni, usijiendeshe mwenyewe. Mwambie aliye karibu nawe aite gari la wagonjwa saa hiyo hiyo. Kaka alifika hapo. Sitaki wewe ufike.

Wala usiseme dada anahubiri asichokifanya. Daktari alituambia ndugu wa damu wote tupimwe, nami nimekwenda. Nimekutwa na presha ya juu, nisiyokuwa na habari nayo, mimi niliyekuwa nawacheka wateja wangu kwa kumeza vidonge. Sasa nameza vyangu kila asubuhi na Mama ananisimamia kama mtoto.

Habari nyingine si nyingi. Duka halijafungwa kabisa. Binti mkubwa wa marehemu anakaa pale alasiri kuwarudishia watu viatu vyao, vilivyomalizika na visivyomalizika, na anawaita kwa zamu ileile ya baba yake. Wanasimama foleni kimya, hata wale waliokuwa wakigombana naye. Nyundo nimeihamishia kwangu saluni, sina kazi nayo. Mvua zimeanza na bati la upande wa jikoni limerudia kuvuja. Jirani yetu mwenye redio amepunguza sauti kwa heshima ya msiba, sijui itadumu mpaka lini.

Mama anakusalimu sana. Nilimwuliza nikuandikie nini kutoka kwake, akasema nikwambie kwamba amechoka kuwatangulia watoto wake kwa miaka na kubaki nyuma yao kwa mazishi. Wifi anakusalimu, anasema hakukasirikii kwa kutokuja, anajua ulivyobanwa. Binti mkubwa anakusalimu, anasema baba mdogo asimdanganye kwamba yuko mzima. Mteja wangu yule wa gari naye anauliza habari zako, ingawa hakujui, kwa kuwa ananisikia nikikutaja.

Mungu akulinde huko uliko, akupe pumzi ya kutosha kwa kila ngazi, na akuondolee hiyo aibu ya kusumbua watu.

Viatu vyako viko chini ya kitanda cha Mama. Ni vizuri, Kaka hakuwahi kushona vizuri kama hivyo, na sivitumi kwanza. Siku utakaponijulisha kwamba daktari amekuona na kukwambia lolote alilokwambia, nitavifunga siku hiyo hiyo. Nami namwomba Mungu kwamba ukivitia mguuni vikupwaye, vikupwaye kabisa, mpaka ulazimike kuvaa soksi mbili.

Ni mimi dada yako, mwenye ukali wote huu kwa sababu ya mapenzi,

Dada wa Saluni